Matembezi ya Mgomo wa 1947, Majengo mpaka Kilindini: nimeenda mara mbili, haya ndo maoni yangu

Nyota nne kwa tano. Ile moja nimeizuia na nitaeleza kwa nini, lakini kama uko Mombasa ama unakuja Mombasa na una Jumamosi asubuhi moja huna shughuli, toa hiyo mia nane uende, wala usingoje nimalize.

Kwa asiyejua ni matembezi ya miguu, masaa matatu na kitu, mnapita mahali pa ule mgomo mkubwa wa wafanyakazi wa Mombasa wa Januari 1947. Mnakutana saa moja asubuhi Mwembe Tayari pale kwa sanamu za askari, mnaingia Majengo mitaa ya ndani, mnatokea upande wa Shimanzi, mnamalizia nje ya geti la bandari Kilindini alafu mnakaa kwa muuza kahawa. Shilingi 800 mtu mzima, wanafunzi nusu. Wanaoongoza ni vijana wawili wa hapo hapo Majengo pamoja na mzee mmoja mstaafu wa bandari, ambaye mimi nitamwita Mzee tu manake ndivyo kila mtu alivyokuwa akimwita. Hawana ofisi, unalipa kwa simu unaletewa ujumbe wa saa na mahali, na mara zote mbili walifika kabla yangu.

Pale Mwembe Tayari hawakai sana na sioni ubaya. Zile sanamu ni za askari na wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza, sisi tunazipita kila siku ndani ya matatu bila kuinua macho, kijana akatueleza kwamba jina la Kariakoo, ya Dar na ile ya Nairobi, linatokana na hao wapagazi, Carrier Corps, watu waliochukuliwa kubeba mizigo ya vita. Dakika kumi, tukaondoka. Lakini kabla hatujaondoka akatoa mfukoni kijikopo cha bati kina uzi, akasema kila mmoja akivae shingoni kidogo alafu ampe mwenzake. Hicho ndo mfano wa kipande, kitambulisho cha mfanyakazi enzi za ukoloni. Sheria yake ilipitishwa 1915 ikaanza kutumika baada ya vita, mwanamume Mwafrika akifika miaka 16 ni lazima awe nacho, ndani mna karatasi ya jina lake na alama za vidole, nani amemuajiri, analipwa ngapi, ameondoka lini, na ukiacha kazi bila tajiri, yaani mwajiri wako, kukutilia sahihi wewe ni mtoro, unatafutwa na polisi. Nimesoma habari za kipande tangu shule ya msingi. Lakini kukivaa ni kitu kingine, yaani ukitembea kinakugonga pale kwenye mfupa wa kifua, tik tik tik, kila hatua. Dada mmoja kwenye kundi letu alikivua haraka sana akampa mwenzake bila kusema neno.

Majengo ndo matembezi yenyewe yanapoanza. Vijana wamekubaliana na mama mmoja mwenye nyumba ya zamani ya Kiswahili, unaingia mlango wa mbele, ushoroba katikati, vyumba huku na huku, mwisho uani kwenye jiko na choo. Mnasimama kwenye ule ushoroba kama watu kumi na mmoja na tayari mmejaa. Hapo kijana anasema sa hii fikirini mwaka 1946, kila chumba kimoja kina wanaume wanne watano sita, wengine wanalala zamu, anayetoka meli ya usiku anaingia kwenye mkeka wa anayekwenda asubuhi. Vita vya Pili vimeisha, bei za vitu zimepanda, nguo hazipatikani, kodi ya chumba inapanda na mshahara umekaa pale pale. Serikali ilikuwa ikijua, si kwamba haikujua. Makuli, yaani wapakuzi wa mizigo bandarini, na wafanyakazi wengine waligoma Julai na Agosti 1939, ikaundwa tume, tume ikaona makazi ni mabaya. 1945 ikaundwa kamati nyingine ya Phillips kuchunguza hayo hayo. Ripoti zikaandikwa. Mtu akarudi kulala kwenye mkeka wa zamu.

Nilipenda pia walivyoeleza hii habari ya nyumba bila ardhi, ambayo watu wa bara huwa hawaielewi: Mombasa unaweza kumiliki nyumba usimiliki kiwanja ilipokaa, kuta ni zako na udongo chini ni wa mwingine unamlipa kila mwezi, kwa hivyo hata yule mwenye nyumba anayempandishia kuli kodi, naye yuko na mtu juu yake. Mama mwenye nyumba akaitikia kutoka jikoni "na mpaka leo", tukageuka wote.

Alafu kiwanja.

Nataka niseme ukweli, mara ya kwanza nilipofika hapo sikuhisi chochote. Ni Majengo tu, kelele, pikipiki, nguo zimeanikwa, sikuona kibao wala jiwe la kumbukumbu. Lakini Mzee, ambaye mpaka hapo alikuwa hajasema mengi, akaomba tusimame kivulini na akaanza. Jumatatu tarehe 13 Januari 1947 mji wa Mombasa ulisimama. Si bandari peke yake, ndo hapo watu wengi hukosea. Makuli ndiyo, watu wa reli ndiyo, lakini pia wa kampuni za mafuta, wa mahoteli, na wale waliokuwa wakiitwa maboi, wapishi na watumishi wa majumba ya Wazungu huko Kizingo. Karibu watu 15,000. Mzungu wa Mombasa asubuhi ile hakupata wa kumpikia chai na meli yake haikupata wa kuipakua. Na wagomaji kila siku walikuwa wakikutana kwenye uwanja wa mpira wa Majengo, na uwanja huo wakaupa jina wenyewe, Kiwanja cha Maskini.

Mzee akalirudia hilo jina mara mbili. Kiwanja cha Maskini. Akasema mnajua maskini kwa Kiswahili cha hapa ni neno la kuombea, maskini wa Mungu, mtu wa kuhurumiwa, lakini hao walilichukua wakajiita nalo mbele ya serikali, na hawakuwa wakiomba. Babake alikuwepo. Alikuwa kuli, alimwambia kwamba kitu alichokikumbuka zaidi si hotuba ila ni jinsi watu wa makabila yote walivyokaa chini pamoja wakisikiliza Kiswahili kimoja, Mgiriama, Mluo, Mkikuyu, Mkamba, Mswahili wa mjini, Mtaita, na mtu akisimama kusema anasikilizwa mpaka amalize. Siku 12 ikawa hivyo. Askari waliongezwa mjini, serikali ikasema mgomo si halali, na watu kwa sehemu kubwa walikuwa watulivu, walikuja kiwanjani wakakaa.

Walichodai kimeandikwa na ukikisoma leo utadhani kimeandikwa wiki jana. Malipo sawa kwa kazi sawa, manake mtu wa rangi nyingine akifanya kazi ile ile analipwa zaidi. Posho ya mke na watoto, manake mshahara ulihesabiwa kama vile mwanamume hana mtu nyumbani. Na heshima! Walitaja waziwazi kudharauliwa kazini kama dai, sio lalamiko la pembeni. Mimi hilo la heshima nikalibeba mpaka nyumbani.

Chama chao kilizaliwa humo humo ndani ya mgomo, kikaja kujulikana kama African Workers Federation, na kijana wa Kiambu aliyekuja kufanya kazi Mombasa, Chege Kibachia, akawa kiongozi wake. Mgomo uliisha baada ya Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kwenye Baraza la Kutunga Sheria tangu 1944, kuteremka kutoka Nairobi kuwaomba warudi kazini, na ahadi kwamba kutaundwa mahakama ya kusikiliza malalamiko yao. Ikaundwa kweli chini ya jaji Thacker, ikaongeza mishahara na posho ya nyumba japo si kwa kila mtu. Thacker huyo huyo ndo aliyekuja kumhukumu Kenyatta na wenzake Kapenguria kwenye kesi ya Mau Mau. Kibachia yeye akapanda Nairobi kueneza chama, Agosti 1947 akakamatwa, akapelekwa Kabarnet akawekwa huko karibu miaka 10. Miaka kumi mtu wangu, kwa sababu ya kuwaambia watu wadai mshahara. Na mimi nimezaliwa Mombasa, nimesoma Mombasa darasa la kwanza mpaka fomu foo, jina lake nimelisikia kwa mara ya kwanza hapo kivulini nikiwa na miaka 31.

Sasa sehemu ya mwisho, getini, na hii ndo iliyonirudisha mara ya pili.

Bandarini hamuingii, mnasimama nje ng'ambo ya barabara malori yanapita. Mzee akatoa ndani ya mfuko wa gunia kulabu yake. Ni chuma kimepindwa, mpini wa mbao umeng'aa kwa mikono, ncha imelika. Akaomba gunia lililojazwa maganda ambalo vijana walilibeba makusudi, akatuonyesha. Huchomi kulabu tumboni mwa gunia, ukichoma tumboni kahawa inamwagika na serangi, msimamizi wa genge, anakukata pesa, unachoma pale kwenye sikio, ile kona iliyoshonwa, unavuta kwa mgongo sio kwa mkono, mwenzako yuko upande wa pili, na lazima mvute pamoja la sivyo mmoja ataumia kiuno. Alivuta mara moja tu. Mzee wa miaka karibu themanini, gunia likanyanyuka. Alafu akakaa kwenye jiwe akasema kazi hiyo makontena yameimaliza, na akasema anashukuru imekwisha, mgongo wake haujawahi kupona, lakini anasikitika kwamba watu pia walikwisha nayo, palipokuwa na genge zima sa hii pana mtu mmoja kwenye kreni.

Hapo ndo akauliza, kibarua ni nini? Sote tukasema ni mtu wa kazi ya siku. Akasema hapana, hilo ni jina la karatasi. Kibarua ni barua ndogo. Zamani za utumwa hapa pwani na Unguja, bwana alimtoa mtumwa wake akafanye kazi ya siku mjini, anapewa kijikaratasi cha siku hiyo, na jioni ujira unagawanywa, sehemu inakwenda kwa bwana. Utumwa ukafutwa hapa 1907 na karatasi ikabaki, mpaka mtu mwenyewe akaitwa jina la karatasi.

Mimi nimefanya kibarua. Miezi minane kwenye godauni moja nisiyoitaja, chini ya ajenti, unafika saa kumi na moja alfajiri unasimama na kitambulisho mkononi, jamaa anapita anachukua vitambulisho vya anaowataka, ukichukuliwa chako una kazi, ukibaki nacho mkononi urudi nyumbani na nauli umeshaimaliza. Kumbe nilikuwa nimesimama ndani ya jambo la zamani hivyo, na hakuna siku hata moja niliyowahi kujiuliza lile neno limetoka wapi.

Lakini Mzee ana jambo moja ambalo silisikii kwa wengine, na vijana wake mara ya pili walibishana naye mbele yetu, nikafurahi sana manake ziara nyingi kila mtu anakubaliana na mwenzake. Anasema msiwaonee vibarua wa zamani huruma tu. Kuli wa siku miaka ile ya arobaini alikuwa anajichagulia siku. Ana shamba lake ng'ambo, anakuja anafanya siku kadhaa akipata pesa anazozitaka anarudi kulima, tajiri hawezi kumtisha kwamba atamfuta, atamfuta nini? Kilichowaumiza matajiri ni hicho hicho, ndo baada ya migomo wakaanza kutaka wafanyakazi wa kudumu na 1954 wakaanza kuandikisha vibarua wa bandari, ukiandikwa lazima uonekane siku kadhaa kila mwezi la sivyo unafutwa kwenye daftari. Kijana akamwambia lakini Mzee, wa kudumu anapata pensheni, wewe mwenyewe unakula pensheni. Mzee akasema ndiyo mwanangu naila, na hiyo pensheni haikuletwa na tajiri, ililetwa na watu kukaa kiwanjani, na kukaa tena Machi 1955 katikati ya Hali ya Hatari ya enzi za Mau Mau, makuli wakagoma, Tom Mboya wa vyama vya wafanyakazi akaja kuwasemea, wakaongezewa. Akasema kinachokuumiza si kuwa wa siku ama wa kudumu, kinachokuumiza ni nani anashika daftari. Hawakumaliza ubishi huo, tukaendelea nao mpaka kwenye kahawa.

Sasa ile nyota moja.

Kwanza karatasi. Mwanzoni unapewa karatasi mbili za maelezo, picha na tarehe, zimeandikwa vizuri, na zote ni Kiingereza kitupu. Hapana. Mgomo huu ulijadiliwa kwa Kiswahili, watu walikubaliana kwa Kiswahili, jina la kiwanja ni Kiswahili, alafu mamangu akitaka kusoma habari za babake mwenyewe (babu yangu mzaa mama alikuwa mtu wa reli, Makupa) mimi nimtafsirie? Nilimuuliza kijana akasema wageni wa nje ndo wanaolipa zaidi. Naelewa, biashara ni biashara, lakini chapisheni mbili. Niko tayari kuwaandikia hiyo ya Kiswahili bure na nimeshawaambia.

Pili wanawake. Mara zote mbili hawakutajwa ila mama mwenye nyumba, na yeye alijitaja mwenyewe. Mji mzima umegoma siku 12, watu hawana mshahara, nani alipika? Nani alikuwa akiuza mahamri ya deni? Ni swali la haki kabisa kwa watu walio na mtaa mzima wa bibi wa kuwauliza.

Tatu, na hili linaniuma zaidi, wanaizungumza Mombasa kama kisiwa kilicho peke yake baharini. Septemba mwaka huo huo wa 1947 makuli wa Dar es Salaam waligoma na mgomo ukapanda na reli mpaka bara, na 1948 ikawa zamu ya Unguja. Bandari tatu, miaka miwili, watu wa majahazi na meli wanaojuana na lugha moja, wewe usiniambie habari hazikusafiri. Hata Uplands, kiwanda cha nyama ya nguruwe kule Kiambu, Septemba hiyo hiyo wafanyakazi walipigwa risasi na polisi na watatu wakafa, hayo yote yanafungamana na kukamatwa kwa Kibachia mwezi mmoja kabla. Nairobi nayo viongozi wa wafanyakazi Makhan Singh na Fred Kubai wakaunda East African Trades Union Congress, muungano wa vyama vya wafanyakazi, Mei Mosi 1949, Makhan Singh akasimama Kaloleni Aprili 1950 akadai uhuru kamili wa Afrika Mashariki, mwezi uliofuata akakamatwa na hakutoka mpaka 1961. Dakika tano zingetosha kuyasema haya, na muda upo, pale Shimanzi mnatembea robo saa nzima mkiangalia matangi ya mafuta bila kuambiwa kitu.

Mengine ni madogo. Vaeni viatu vya kufunga, mitaa ya ndani kuna maji. Maji ya kunywa wanatoa chupa moja, haitoshi mwezi wa Februari. Mzee haongezi sauti, kwa hivyo msibaki nyuma mkipiga picha, na kulabu anakuachia uishike ukiomba kwa adabu, mimi nilimwamkia shikamoo nikaomba, akanipa, akaniambia nisiishike kama kijiko. Kahawa tungu na kashata ya mwisho imo ndani ya bei. Hela yako wanagawana watatu sawa kwa sawa, niliwauliza na walinijibu mbele ya kila mtu, na mama wa nyumba analipwa kila kundi.

Nimeshalipia nafasi tatu Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Yangu, ya mamangu, na ya kaka yangu, ambaye anapakia lori hapo hapo Shimanzi. Yeye nimemlipia lakini atajua ijumaa usiku kama ataitwa kazini ama la.